Flashi Iliyojaa Mishale

Kwa miaka minne niliendesha duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na chuo kimoja, na somo langu kubwa kuhusu virusi vya kompyuta nililipata kwa kumharibia mtu kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alinipa flashi yenye tasnifu yake. Nilipoifungua, kila folda ilikuwa na kimshale kidogo pembeni. Nikamwambia kwa kujiamini kwamba virusi vimekula faili zake, nikaifomati, yaani nikafuta kila kitu kilichokuwamo, mbele ya macho yake. Baadaye fundi mmoja alinieleza kwamba tasnifu ilikuwa humo humo muda wote, hadi nilipoifomati.

Kirusi cha kompyuta ni programu iliyoandikwa na mtu, inayojinakili kutoka mashine moja hadi nyingine bila mwenye mashine kujua. (Wataalamu hukiita mnyoo kile kinachosafiri chenyewe bila kujibandika kwenye faili jingine, lakini dukani vyote tuliviita virusi.) Hicho cha mishale hakifuti kitu: huzificha folda halisi, kisha huweka mahali pake njia za mkato (shortcut, alama za kufungulia kitu kilichopo kwingine) zenye majina yaleyale. Ukibofya, kirusi huanza kazi kwanza, halafu folda yako hufunguka kana kwamba hakuna lililotokea. Tangu hapo kila flashi inayochomekwa kwenye kompyuta hiyo huondoka na nakala yake, na kwa hesabu hiyo duka langu ndilo lililokuwa likikigawa kirusi hicho kwa chuo kizima.

Ukiiona mishale hiyo, usibofye wala usifomati. Safisha kompyuta kwa antivairasi iliyosasishwa, kisha flashi yenyewe, ndipo ufungue dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya F. Folda zikishaonekana, futa njia za mkato.

Usafiri huu wa mkono kwa mkono ni wa zamani. Kirusi cha Brain, kilichoanzia Lahore nchini Pakistan mwaka 1986, kilisambaa kwa disketi. ILOVEYOU, kilichotokea Ufilipino Mei 2000, kilipita kwenye barua pepe: jina la kiambatisho chake liliishia na .TXT.vbs, na kwa kuwa Windows kwa kawaida huficha kiendelezi cha mwisho (herufi za mwishoni mwa jina zinazoonyesha aina ya faili), wengi walidhani wanafungua maandishi matupu. Ndiyo maana nakushauri uruhusu kompyuta yako ionyeshe viendelezi vya majina ya faili.

WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017, programu iliyofunga faili za watu na kudai fedha, haikungoja hata mtu abofye, kwani ilipenya kupitia tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, mwezi Machi. Nakiri kwamba nami nilikuwa nimezima masasisho ili kuokoa bando, na programu zangu kadhaa zilikuwa za kreki (zilizovunjwa kinga ili zitumike bila kulipiwa), zile ambazo maelekezo yake huanza kwa kukuagiza uzime antivairasi.

Unapokwenda kuchapa, tenga flashi ya kazi hiyo peke yake, weka humo PDF ya kuchapwa tu, na tasnifu yenyewe iache nyumbani na nakala nyingine kwenye barua pepe yako. Ukirudi, ifomati kabla ya kuitumia tena, hiyo unaruhusiwa.