Kusafirisha kompyuta ya kuunga mwenyewe, Dar hadi Mwanza

Ndugu, nimekuelewa: kompyuta umeiunga mwenyewe, sasa inapanda basi kwenda Mwanza na hofu yako ni kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha za skrini. Hofu hiyo ni ya haki. Kadi kubwa huning'inia kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, na matuta ya zaidi ya kilomita 1,000 yanaweza kuvunja tundu lake.

Kwanza nakili mafaili yako, kisha piga picha nyaya zote kabla ya kuchomoa chochote. Toa kadi, iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ubebe mkononi pamoja na diski. Nailoni ya kawaida isiguse vifaa. Feni ndefu ya kupoza prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, nayo itoe. Ukiirudisha utahitaji grisi mpya ya kupitisha joto. Ramu, vile vibao vya kumbukumbu, iache mahali pake.

Kasha lifunge kwa sponji nene kila upande, ndani ya boksi gumu. Magazeti hubonyea, usiyategemee. Ubavu wa kioo usafiri peke yake.

Ukikabidhi mzigo kwa watu wa basi, dai risiti iliyoandikwa thamani yake.

Kama inapozwa kwa maji ya mabomba uliyofunga mwenyewe, mtafute fundi ayamwage kwanza. Ikifika, kagua skrubu zote kabla ya kuwasha.