Re: Springi za kushusha gari (Subaru Impreza)
Ndugu, umeuliza ununue springi fupi au fundi akukatie hizo za kiwandani kwa grenda. Nakusihi, usikate! Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake (sehemu inapokalia), na ukiruka tuta inaweza kuhama kabisa. Tafuta springi za kampuni kama Eibach au H&R za Ujerumani, au Tein za Japani, zilizotengenezwa kwa modeli yako hasa; linganisha na namba ya chesesi kabla ya kulipa. Kushuka milimita 25 hadi 30 kunatosha, maana zaidi ya hapo utakwangua bampa kila tuta. Shokapu zikiwa zimechoka, badilisha kwa pamoja. Mimi nilipuuza hilo, na miezi michache baadaye zikaanza kuvuja mafuta. Ukishafunga, kapime alaimenti (pembe za magurudumu), la sivyo tairi zitalika upande wa ndani.