Wasomaji Wanauliza: Je, Tulichome Kundi la Nyuki?

SWALI: Shikamoo mshauri. Ninalima ekari moja ya matikiti maji huku Kilosa. Mimea imestawi na maua ni mengi, lakini vitunda vikifikia ukubwa wa gololi hugeuka njano na kudondoka, na vichache vinavyobaki hukua vikiwa vimepinda. Nanyunyizia dawa ya wadudu kila Jumatatu asubuhi, wala hali haibadiliki. Juzi kundi la nyuki limetua kwenye mwembe ulio kando ya shamba, na baba mdogo anataka tulichome usiku. Je, nyuki hao ndio wanaoharibu maua yangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwombe baba mdogo aahirishe shauri la moto, kwa maana nyuki hao ndio vibarua ambao shamba lako limewakosa.

Mtikiti huchanua maua ya aina mbili kwenye shina moja: ua dume, lenye chavua (unga unaorutubisha ua jike), na ua jike, ambalo utalitambua kwa kitunda kidogo chenye manyoya kilicho chini yake. Chavua ya tikiti ni nzito na inanata, hivyo upepo hauwezi kuipeperusha. Ni lazima mdudu aibebe kutoka dume hadi jike. Ua jike hufunguka asubuhi ya siku moja tu, na kufikia alasiri limekwisha kufumba. Katika saa hizo chache linahitaji kutembelewa na nyuki mara nyingi, kwa kuwa kila mbegu uitemayo ukila tikiti ilihitaji chembe yake ya chavua. Upande wa tunda ambao mbegu zake hazikupata chavua hudumaa, na ndiyo sababu ya matunda yako kupinda. Ua lisipochavushwa kabisa, mmea hukidondosha kitunda chake. (Ukiona kitako cha tunda kimeoza na kuwa cheusi, hilo ni jambo lingine, na mara nyingi hutokana na upungufu wa kalisi na umwagiliaji usio na mpangilio.)

Sasa tazama saa unayonyunyizia dawa. Jumatatu asubuhi ndipo maua yamefunguka na nyuki wako kazini, kwa hiyo unawaua walewale unaowahitaji. Inaniuma kila ninapoona jambo hili, kwa sababu mkulima hutoa fedha yake mwenyewe kununua hasara. Soma kibandiko cha chupa: kikitaja imidakloprid, fahamu kwamba dawa hiyo hufyonzwa na mmea wote na kufika hata kwenye chavua na mbochi (maji matamu ya ua), na mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliizuia kutumika kwenye mashamba ya wazi. Usiitumie wakati wa maua. Nyunyizia pale tu unapowaona wadudu waharibifu, tena jioni, maua yakishafumba.

Kuhusu mwembe, hofu ya baba mdogo si ya kubeza, kwani nyuki wetu wa Afrika ni wakali wakilinda masega yao. Hata hivyo, kundi linaloning'inia tawini bila masega liko safarini, na kwa kawaida huondoka baada ya siku chache. Waepusheni watoto na mbuzi mahali hapo, wala msilirushie mawe. Likianza kujenga, mwiteni Afisa Nyuki wa halmashauri au mfugaji mwenye bomba la moshi na mavazi ya kinga, alihamishie kwenye mzinga utakaowekwa mbali na njia ya watu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma. Je, niwafundishe wanafunzi kwamba nyuki wakitoweka chakula chote kitakwisha?

JIBU: La, mwalimu. Mahindi, mtama na uwele huchavushwa na upepo, na muhogo hupandwa kwa vipande vya shina. Waambie kwamba takriban aina 3 kati ya 4 za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea wachavushaji, japo kwa sehemu. Kisha wapelekeni kwenye shamba la alizeti lililochanua, wasimame pembeni saa 3 asubuhi na kuhesabu wadudu wanaotua kwenye ua moja. Watakumbuka hesabu hiyo kuliko maneno yetu.

SWALI: Pasheni zangu za njano hapa Kilifi zinachanua bila kuzaa. Nyuki wa asali wapo tele. Wapo pia wadudu wakubwa weusi wanaotoboa boriti za nyumba, nami nimekuwa nikiwaua.

JIBU: Ndugu yangu, hao weusi nao ni nyuki, na ndio hasa wanaofaa kwa pasheni yako. Ua la pasheni ni kubwa, na nyuki wa asali hupita chini akanywa mbochi bila kugusa sehemu ya juu inayopokea chavua, ilhali huyu mkubwa huisugua kwa mgongo. Isitoshe, pasheni ya njano haizai kwa chavua ya mmea huohuo, kwa hiyo panda mimea iliyotokana na mbegu mbalimbali. Zipake boriti zako rangi, kwa kuwa nyuki hawa hupendelea mbao zisizopakwa, kisha uwaachie magogo makavu laini karibu na shamba. Wakati unawasubiri, chavusha kwa brashi ndogo kuanzia adhuhuri, maua yanapofunguka, ukitoa chavua ya mmea mmoja na kuipaka kwenye mwingine kabla jioni haijaingia.