Moto ulioanzia chini ya laini ya umeme: kusema "ni upepo" hakutoshi

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba waya wa umeme ulikatika huko Nachingwea, ukaangukia nyasi kavu, na moto ukateketeza ekari mbili za mikorosho ya mama yako. Jibu mlilopewa ni kwamba upepo ni kazi ya Mungu, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, nawe unataka kujua kama jibu hilo linatosha. Kwa maoni yangu halitoshi hata kidogo. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kusimama pande zote mbili: nilifyeka mkuza wa laini, yaani ukanda wa ardhi chini ya nyaya, kwa misimu mitatu nikiwa kibarua wa mkandarasi, na miaka kadhaa baadaye nikapoteza mikorosho 34 kwa moto ulioanzia chini ya laini ya namna ileile, wilayani Masasi.

Nianze na huo upepo. Kimbunga Kenneth, kilichotua Cabo Delgado ng'ambo ya Mto Ruvuma mwezi Aprili 2019, kilikuwa jambo la ajabu kwetu, na kama kingeangusha nguzo upande wetu nisingemlaumu mtu. Tena Aprili ardhi ina unyevu na nyasi ni mbichi. Kusi ni habari nyingine. Kusi huvuma kila mwaka, na inapofika Julai na Agosti huvuma juu ya nyasi zilizokauka, wakati mikorosho imetoa maua na wakulima wanapulizia salfa, na wengi bado hawajasafisha chini ya miti kwa ajili ya kuokota korosho. Jambo linalokuja kila mwaka kwa miezi ileile mwenye laini analijua kama mkulima anavyolijua, na anayelijua ana wajibu wa kujiandaa kabla halijafika.

Waya huwasha moto kwa njia ambazo mafundi wanazifahamu vizuri. Nyaya zilizolegea hupigana kwa upepo na kumwaga cheche za aluminiamu iliyoyeyuka, tawi huegemea waya likaungua taratibu, kikombe kinachoshikilia waya kwenye nguzo hupasuka, nguzo huliwa na mchwa au kuoza pale inapoingia ardhini, ikalala. Njia inayonitia hofu zaidi ni ya waya uliokatika na kuangukia mchanga mkavu, kwa sababu mchanga wa aina hiyo haupitishi umeme vizuri, na mkondo unaopita huwa mdogo kiasi kwamba fyuzi haioni hitilafu yoyote. Waya hubaki chini ukiwa na umeme, ukitoa cheche, huku kijiji cha jirani taa zikiendelea kuwaka.

Sasa niseme nilichokiona nikiwa na panga mkononi. Tulilipwa kwa kuhesabu nafasi tulizofyeka kati ya nguzo na nguzo, si kwa siku. Kulikuwa na sehemu zilizojaa upupu, na anayejua upupu uliokauka wa mwezi Julai anajua kwamba hata kuupita kwa mbali upepo ukiwa unakuja upande wako ni mateso. Tulipofika hapo tuliruka nafasi mbili, wakati mwingine tatu, tukaendelea mbele penye nyasi za kawaida. Vilevile tuliwaruka wakulima waliosimama mbele ya mkorosho wao na kukataa usikatwe tawi, na siwezi kuwalaumu sana, maana tawi moja la mkorosho uliokomaa ni fedha ya msimu. Msimamizi alipita barabarani kwa gari, akaangalia mwanzo na mwisho wa laini, akatia saini kwamba mkuza wote umesafishwa. Karatasi ile ndiyo iliyopelekwa kwa mwenye laini, na kwa mwenye laini kazi ikawa imekwisha.

Moto wa kwangu ulianza mchana wa mwezi Agosti. Nilipofika chini ya laini jioni, baada ya majirani kuuzuia kwa matawi mabichi na majembe, alama iliyoachwa ardhini ilikuwa na umbo la ungo uliovunjika nusu: ncha yake ilikuwa katikati ya nguzo mbili, na upana wake ulifunguka kuelekea shambani kwangu, kule kusi ilikokuwa inaelekea. Kwenye ile ncha niliokota vipunje vya chuma cheupe, vidogo kama punje za uwele, vimeshikana na mchanga. Juu yake nyaya mbili zilikuwa zimening'inia kuliko za nafasi nyingine, zikiwa na madoa meusi mahali pamoja. Pembeni kulikuwa na mabaki ya kichaka ambacho hakikuguswa na panga kwa miaka mingi.

Waliokuja kukagua walisema kwanza kwamba moto umewashwa na mkulima anayeandaa shamba. Ni kweli kwamba mioto mingi ya kwetu huanzishwa na sisi wenyewe, kwa kuandaa mashamba, kwa kuwinda, kwa kurina asali, na ndiyo sababu neno hilo huaminika upesi. Nilichokuwa nacho ni picha zilizopigwa siku ileile, vile vipunje ndani ya chupa, na mtendaji wa kijiji aliyekuwa ameandika taarifa kabla ya mvua kufuta alama. Bila hivyo nisingepata hata fidia ya miti 21 niliyolipwa baada ya miezi 14.

Umeuliza pia wenzetu wa nje hufanyaje. Huko California nchini Marekani, kulabu iliyolika katika laini iliyojengwa karibu miaka 100 kabla ilikatika tarehe 8 Novemba 2018, na moto ulioanzia hapo uliua watu 85 na kuumaliza mji wa Paradise. Kampuni yenye laini, PG&E, ilikiri mahakamani mwaka 2020 makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Faini ya jinai ilikuwa kama dola milioni 3.5 tu, kilichoitikisa kampuni ni makubaliano ya kuwalipa waathirika wa mioto yake dola bilioni 13.5. Mahakama za jimbo hilo zimeshikilia kwamba mali ya mtu ikiungua kwa miundombinu ya umeme, mwenye miundombinu anaweza kutakiwa kulipa hata kama uzembe wake haujathibitishwa. Huko Victoria, Australia, tarehe 7 Februari 2009, waya wenye umri wa miaka 43 ulikatika eneo la Kilmore East na watu 119 wakafa katika moto huo mmoja. Kesi iliisha mwaka 2014 kwa makubaliano ya dola za Australia zipatazo milioni 494, na sehemu ya fedha hizo ilitolewa na mkandarasi wa ukaguzi. Hapo nilisimama nikasoma mara mbili, kwa sababu nilikumbuka ile saini iliyotiwa ndani ya gari. Mwenye laini hakuachwa huru eti kwa kuwa kazi aliikabidhi kwa mwingine. Wote wawili walichangia.

California pia huzima umeme kwa makusudi siku za upepo mkali na ukame. Sioni kama hilo linatufaa kwa kila kusi, kwa sababu zahanati zina majokofu ya chanjo na visima vingi sasa vinategemea pampu. Linalotufaa ni dogo na la bei nafuu: laini ikaguliwe kwa miguu kufikia mwezi Juni, nyaya zilizolegea zikazwe, na swichi inayorudisha umeme yenyewe baada ya hitilafu izuiwe kufanya hivyo katika miezi ya ukavu, mpaka mtu aitembelee laini na kuona kilichotokea.

Kwa upande wa mama yako, nendeni leo na mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji, mpige picha ncha ya moto, waya na namba ya nguzo, na waya msiuguse hata mkiambiwa umeshazimwa. Mwombeni ofisa ugani ahesabu miti na umri wake. Andikeni barua nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mbaki nayo. Wasipowajibu, malalamiko hupelekwa EWURA, ambayo ndiyo mdhibiti wa huduma ya umeme. Ulizeni kwa maandishi ni lini laini hiyo ilifyekwa mara ya mwisho na nani aliyetia saini.

Mimi nililiuliza swali hilo, na Julai iliyofuata waliniita nitembee na kikosi. Tulipofika kwenye upupu vijana walianza kuzunguka. Niliwaomba wasimame, nikampigia simu msimamizi, naye akashuka garini akaja kwa miguu mpaka pale. Nafasi zile mbili zilifyekwa siku hiyo, vijana wakiwa wamevaa magunia mikononi.