Sainasi sugu: antibayotiki peke yake haitoshi

Pua ikiziba, kamasi zikishuka kooni na uso ukauma kwa wiki 12 au zaidi, hayo si mafua tena. Ni sainasi sugu, na tunawasihi wagonjwa waache kukimbilia antibayotiki za duka la dawa kila dalili zinaporudi.

Hata pua yenye afya ina bakteria. Matatizo huanza uwiano wao unapovurugika: mara nyingi Staphylococcus aureus huzidi, akajijengea utando wa ute ambao dawa huupenya kwa shida. Dozi inaua walio nje ya utando, unapata nafuu, kisha waliobaki wanazaliana upya. Zaidi ya hapo, sumu za bakteria huyo huchokoza kinga ya mwili hadi pua inavimba ndani, na kwa baadhi ya watu uvimbe huo huambatana na vinyama vya pua. Kwa hiyo ni lazima uvimbe wenyewe utibiwe.

Anza kwa kuosha pua kila siku. Chemsha lita 1 ya maji, yatokote dakika 1 (dakika 3 ukiishi juu ya mita 2,000), yaache yawe vuguvugu. Tia kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi isiyo na madini joto, na nusu kijiko cha bekingi soda. Magadi usiguse, yataunguza. Inama, pumua kwa mdomo, pitisha mililita 120 kila tundu. Maji ya bomba yasiyochemshwa ni hatari kweli: mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa kwa ameba Naegleria fowleri, kijidudu kinachoshambulia ubongo, baada ya kuosha pua kwa maji hayo. Chupa nayo hushika utando wa bakteria. Ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa.

Baadaye ndipo upulize dawa ya steroidi (ya kupunguza uvimbe) uliyoandikiwa. Elekeza upande wa sikio, maana ukilenga ukuta wa katikati pua itatoka damu. Usivute kwa nguvu, itaishia kooni. Wengi huiacha baada ya siku chache, ilhali huhitaji wiki kadhaa.

Uchafu unaonuka ukitoka tundu moja tu, kapige picha meno ya juu. Jino lililooza huweza kuwa chanzo. Antibayotiki ikihitajika, omba usaha uoteshwe maabara kwanza, ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi itamuua. Jicho likivimba, ukaona vitu viwili viwili, au shingo ikakakamaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.