Usiandike kwamba jiwe limeisha kabla ya kulitafuta

Ninawaandikia ninyi wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari mlio katika mwaka wa mafunzo, ambao mmepangiwa kliniki ya magonjwa ya mkojo hapa Kisumu, au mtapangiwa Nakuru, Eldoret ama Kakamega. Nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki na thieta ya aina hii kwa miaka mingi, na laiti ningeambiwa siku yangu ya kwanza kwamba matokeo ya tiba ya mawe ya figo hayaamuliwi siku ile jiwe linapovunjwa tu. Huamuliwa pia na tunayoyafanya kabla ya siku hiyo, na zaidi na yale tunayoyasahau baada yake.

Tiba zenyewe mtazifahamu upesi. Mwaka 1976, huko Uswidi, madaktari Fernström na Johansson walieleza jinsi walivyotoa jiwe kupitia tundu dogo lililotobolewa mgongoni hadi ndani ya figo. Mwezi wa Februari 1980, mjini Munich, mgonjwa wa kwanza alivunjiwa jiwe kwa mawimbi ya mshtuko yaliyotoka nje ya mwili, bila kukatwa popote. Njia ya tatu ni kupitisha bomba jembamba lenye kamera katika njia ya mkojo, likapita kibofu na kupanda ureta, yaani mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, hadi lilipo jiwe, kisha jiwe likavunjwa kwa leza. Njia hizi zimewaepusha wagonjwa na lile kovu refu la ubavuni ambalo wazee wetu kadhaa wanalo hadi leo. Hata hivyo, kwa sababu jeraha ni dogo au halipo kabisa, mgonjwa hudhani kwamba ugonjwa wake nao ulikuwa mdogo na umekwisha, na baada ya muda sisi wahudumu pia huanza kufikiri vivyo hivyo. Makosa mengi niliyoyaona yalianzia katika dhana hiyo.

Kuhusu uchaguzi wa njia sitakaa sana, kwa kuwa huo ni uamuzi wa daktari mpasuaji, lakini ni lazima mjue sababu zake ili muweze kumjibu mgonjwa anayeuliza kwa nini jirani yake alitibiwa kwa mawimbi na yeye anatobolewa. Jiwe lililo chini ya milimita 5 mara nyingi hushuka lenyewe. Jiwe linalozidi milimita 20 ndani ya figo kwa kawaida hutolewa kupitia mgongoni. Jiwe gumu, ambalo kipimo chake kwenye skani ya CT kinapita 1,000 kwa vizio vya Hounsfield, hukaidi mawimbi. Jiwe lililokaa katika vikombe vya chini vya figo, yaani vijumba vya ndani vinavyopokea mkojo, huweza kuvunjika vizuri kabisa, lakini vipande vyake vikabaki palepale, kwa kuwa haviwezi kupanda mlima ili vitoke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu mawe ya sehemu hiyo ulionyesha kwamba miezi mitatu baada ya tiba, asilimia 95 ya waliotobolewa hawakuwa tena na jiwe, ilhali kwa waliopata mawimbi ni asilimia 37 tu. Mama mmoja akikulalamikia kwamba amepigwa mawimbi mara mbili na jiwe bado lipo, usiilaumu mashine kabla ya kuangalia jiwe lilikuwa wapi.

Hata njia iliyo bora haimfikishi kila mgonjwa mwisho wa safari kwa mara moja. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha wagonjwa 5,803 waliotobolewa mgongoni, asilimia 75.7 ndio waliopatikana bila jiwe baadaye. Asilimia 10.5 walipata homa, na asilimia 5.7 walihitaji kuongezewa damu. Takwimu hizi ninawaomba mzikumbuke mnapozungumza na mgonjwa kabla ya kutia sahihi ya idhini. Mkulima aliyeuza ng'ombe ili alipie tiba anastahili kujua mapema kwamba huenda akarudi thieta mara ya pili.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe. Mzee mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Ahero, alivunjiwa jiwe la figo ya kushoto kwa leza, akarudi kliniki baada ya wiki sita akiwa hana maumivu. Tulimpiga eksirei, picha ikatoka safi, nami nikaandika kwenye faili lake kwamba jiwe limeisha. Baada ya miezi mitatu aliletwa akijikunja kwa maumivu, na skani ya CT ikaonyesha kipande cha milimita 9 ndani ya ureta. Jiwe lake lilikuwa la asidi ya yuriki, na jiwe la aina hiyo halionekani kwenye eksirei ya kawaida. Taarifa hiyo ilikuwamo katika faili lake tangu mwanzo, kwa kuwa hata kabla ya tiba eksirei haikuwa imeliona. Ni skani iliyoligundua. Nilitazama picha mpya bila kufungua kurasa za nyuma. Namshukuru Mungu kwamba figo yake haikuharibika, na kwamba dawa ya kupunguza asidi ya mkojo, pamoja na maji mengi, iliyeyusha kilichobaki.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuagiza kipimo cha marudio, mimi huuliza kwanza jiwe lilionekana kwa kipimo gani hapo awali. Kama eksirei ililiona, eksirei pamoja na ultrasaundi mara nyingi hutosha, na mgonjwa asiye na fedha za skani hatapoteza kitu. Kama eksirei haikuliona, usafi wake hauna maana yoyote. Ultrasaundi msiiache hata kwa mgonjwa asiyelalamika, maana figo yaweza kuvimba kwa mkojo uliokwama, kwa sababu ya kipande kilichosalia au kovu ndani ya ureta, na mwenyewe asihisi lolote. Msitumie neno "safi" peke yake katika faili. Andikeni kipimo kilichotumika, tarehe, na ukubwa na mahali pa kila kipande kilichobaki. Zamani vipande visivyozidi milimita 4 viliitwa visivyo na madhara, lakini baadhi yake hukua, na vingine hushuka kwa maumivu yaleyale yaliyomleta mgonjwa mara ya kwanza.

Jambo linaloninyima usingizi kuliko yote ni stenti. Hiki ni kijibomba laini kinachowekwa ndani ya ureta baada ya tiba ili mkojo upite huku uvimbe ukipungua. Wengi wa waliowekewa huhisi haja ya kukojoa mara kwa mara, maumivu ya ubavuni wanapokojoa na damu kidogo kwenye mkojo, na wasipoelezwa mapema huamini kwamba upasuaji umeharibika. Hao angalau watarudi. Ninayemhofia ni yule asiyehisi kitu. Mgonjwa anayetoka Mfangano hupanda boti kisha matatu, hulipa nauli ya kwenda na kurudi, hukosa siku mbili za uvuvi, na kwa kuwa haumwi, huahirisha. Stenti iliyosahaulika hujengewa mawe juu yake, ikashikamana na figo juu na kibofu chini, na kijibomba ambacho kingetolewa kwa dakika chache kikahitaji upasuaji wa saa kadhaa. Niliwahi kumpokea kijana wa bodaboda aliyekaa na stenti zaidi ya mwaka. Karatasi yake ya kuruhusiwa kutoka kituo alikotibiwa haikutaja stenti hata mara moja, na yeye mwenyewe hakujua kwamba ana kitu mwilini.

Kwa hiyo wekeni daftari la stenti, hata kama kituo chenu kina kompyuta. Andikeni tarehe ya kuwekwa, tarehe ya kutolewa, nambari ya simu ya mgonjwa na ya jamaa yake mmoja, kwa kuwa simu za wagonjwa wetu hubadilika kila mara. Kila Ijumaa pitieni wanaotarajiwa wiki inayofuata, muwapigie. Stenti ikikaribia miezi mitatu bila sababu iliyoandikwa, mjulisheni mpasuaji siku hiyohiyo. Na mgonjwa asitoke wadini kabla hajaweza kuwaeleza, kwa Kiswahili au Kijaluo chake mwenyewe, kwamba ana mpira ndani na utatolewa lini.

Homa nayo inahitaji uangalifu wa pekee katika eneo letu la ziwa, ambako kila anayetetemeka huambiwa ana malaria. Kipimo cha haraka cha malaria huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya ugonjwa kutibiwa, hivyo matokeo hayo hayatoshi kuielezea homa ya mtu mwenye jiwe. Figo iliyozibwa na jiwe na kupata maambukizi ni dharura ya saa, si ya siku. Antibiotiki peke yake haitamwokoa mgonjwa. Lazima usaha utolewe kwa stenti au kwa bomba la mgongoni, na jiwe lenyewe lingoje hadi maambukizi yapoe. Kwa sababu hiyohiyo, msimpeleke mgonjwa thieta kuvunjiwa jiwe kabla majibu ya kuotesha vimelea vya mkojo hayajarudi, hata kama foleni ni ndefu na kila mtu ana haraka. Anaporuhusiwa kwenda nyumbani, mwambieni kwamba homa yoyote katika siku zinazofuata imrudishe kwetu kwanza, asianzie kwenye duka la dawa.

Jiwe likitoka, lipelekeni maabara likajulikane ni la aina gani, msimkabidhi mgonjwa kama ukumbusho tu. Karibu nusu ya wagonjwa hupata jiwe jingine ndani ya miaka kumi. Utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 1996 uliwafuatilia watu kwa miaka mitano baada ya jiwe lao la kwanza: miongoni mwa walioongeza maji, asilimia 12 walipata jiwe tena, na miongoni mwa wasioshauriwa hivyo, asilimia 27. Lengo ni mkojo wa lita mbili na nusu kwa siku, na hapo ndipo ushauri wetu huwa mwepesi mdomoni na mgumu shambani. Mkata miwa wa Muhoroni hutokwa jasho tangu alfajiri, na maji aliyo nayo ni yale aliyobeba mwenyewe. Mimi huketi naye tukahesabu: atabeba dumu la lita ngapi, atalijaza wapi saa sita, na ataacha chumvi ipi ya mezani. Kisha humwomba autazame mkojo wake kila jioni anaporudi nyumbani, na ukiwa na rangi ya chai ya rangi, anywe vikombe viwili kabla ya kulala na kimoja akiamka usiku.