Nyumba ikiombewa kuwa ofisi: pima uwanja kabla ya kusikiliza maelezo

Ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda biashara hufika likiwa na sura ya mtu: wakili mpole, mhasibu mwenye wateja wachache. Mjumbe wa kamati ya mipango inayoamua ombi hilo asimpime mtu huyo. Matumizi mapya hubaki na ardhi. Mwombaji akiuza kesho, mnunuzi anarithi haki ya kufanya lolote linaloruhusiwa katika daraja hilo la biashara, yaani kundi la shughuli ambalo kiwanja kimepangiwa. Soma orodha ya shughuli zinazoruhusiwa, chagua yenye watu wengi kuliko zote (mara nyingi ni kliniki), kisha pima ombi kwa hiyo.

Halafu fungua ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi. Kiwanja kinachopakana na eneo la biashara lililopo kina hoja. Kilichozungukwa na makazi pande zote kinatengeneza kisiwa, na mwombaji wa pili atakitaja kisiwa hicho kama sababu yake. Angalia pia mpaka kati ya biashara na makazi unapita wapi. Ni afadhali upite nyuma ya viwanja, mgongo kwa mgongo, ili nyumba zinazotazamana ziwe za matumizi yaleyale. Ukipita katikati ya barabara, familia za upande wa pili zitabaki zinatazama magari yaliyoegeshwa.

Maegesho ndiyo huangusha maombi mengi, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu. Chukua nyumba ya mita za mraba 180. Kanuni za eneo lako zikidai gari moja kwa kila mita za mraba 30 za ofisi, hayo ni magari 6. Nafasi ya gari moja ni kama mita 2.5 kwa 5, lakini gari linahitaji pia njia ya kuingilia na kugeuzia, kwa hiyo kadiria mita za mraba 25 hadi 30 kwa kila gari. Magari 6 yanakula 150 hadi 180, karibu sawa na nyumba yenyewe. Sasa tazama mchoro: eneo hilo litatoka wapi? Kwa kawaida ni bustani ya mbele na miti yake. Magari yasipopata pa kugeukia, yatarudi kinyumenyume hadi barabarani, na hapo ndipo watoto wanapogongwa. Kataa mchoro wa namna hiyo hata kama idadi ya nafasi imetimia.

Uwanja ukishasakafiwa, maji ya mvua nayo yanahama. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30 kwenye sakafu ya mita za mraba 170 ni lita 5,100, na zikikosa mtaro au shimo la kunyonya zitaishia kwa jirani wa chini. Dai mchoro unaoonyesha mteremko na mahali maji yanapoishia.

Jengo lenyewe husahaulika kwa sababu linaonekana zima. Sakafu ya nyumba mara nyingi husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Ofisi huhitaji 200 hadi 300, na chumba cha mafaili huhitaji zaidi ya hapo. Ghorofa ya juu ni lazima ikaguliwe na mhandisi. Mlango usiokinga moto na ngazi moja nyembamba vinaweza kutosha familia, lakini havitoshi wafanyakazi 15. Njia ya kiti cha magurudumu nayo inataka urefu: kwa mteremko wa 1 kwa 12, baraza lililoinuka sentimita 45 linahitaji mita 5.4, bila kuhesabu sehemu tambarare juu na chini. Mara nyingi njia hiyo inatua juu ya nafasi za magari ambazo mwombaji ameshazihesabu.

Nenda kwenye kiwanja asubuhi watu wanapokwenda kazini, kisha rudi jioni. Mchana wa kimya hauonyeshi kitu.

Ukiona ombi linafaa kwa masharti, hakikisha kwanza kuwa sheria yenu inaruhusu kuyafunga kwenye badiliko lenyewe, kwani kwingine hufungwa kwenye kibali cha ujenzi tu. Yaandike kwa vipimo. “Maegesho ya kutosha” haitekelezeki. Andika idadi ya nafasi, saa za kufungua na kufunga, ukubwa wa bango, urefu wa uzio wa miti upande wa jirani, na kwamba taa zitazame chini. Kila sharti liwe na kitu ambacho mkaguzi anaweza kukipima kwa futi kamba au saa.

Uamuzi wowote mtakaofikia, sababu zake ziingie kwenye kumbukumbu za kikao, kila moja ikitaja kipengele cha mpango au kipimo cha kiwanja. Wingi wa sahihi za wapinzani pekee hausimami kwenye rufaa. Mchoro unaoonyesha magari hayana pa kugeukia, ukitajwa kama sababu ya kukataa, una nafasi kubwa zaidi ya kusimama.